Skrini ya pampu Kolwezi: kuhamisha Qt au kununua bodi ya pili?

Ukiomba bei ya kidhibiti cha pampu chenye skrini ya kugusa kwenye karakana yoyote ya Kolwezi, kinachopandisha au kushusha bei si pampu yenyewe. Ni uamuzi unaofanywa mapema, mara nyingi bila mteja kuulizwa: je, programu ya skrini na programu inayoendesha pampu zitakaa kwenye chipu moja, au kila moja itapewa chipu yake? Mteja anayelijua hili huokoa maelfu ya dola. Asiyelijua hulipia miezi ya kazi ambayo haoni matunda yake.

Huku Lualaba pampu ni roho ya kazi. Masika mashimo ya wazi hujaa maji, viwanda vya kuchenjua husukuma asidi usiku na mchana, na Mei 2025, mgodi wa chini wa Kakula ulipoingiwa na maji baada ya mitetemo ya ardhi, kuyatoa maji hayo kukawa kazi ya kwanza kabla ya nyingine zote. Pampu ikikauka ndani inaungua. Vali ikichelewa kufunga, msukumo wa maji unarudi na kupasua bomba. Kwa hiyo kidhibiti lazima kiwe cha wakati halisi, yaani kazi ifanyike ndani ya muda uliowekwa, kila mara, hata pale mtu anapocheza na grafu kwenye skrini. Kwenda kasi hakutoshi. Mfumo unaojibu kwa milisekunde 2 mara elfu kisha ukachelewa nusu sekunde mara moja, kwa pampu ya asidi, haufai.

Skrini nayo ina matakwa yake. Wateja wamezoea simu: wanataka vitufe vinavyong'aa, Kifaransa na Kiswahili, grafu ya saa 24. Mafundi wengi hukimbilia Qt, kiunzi cha kuandikia programu kwa C++ kilichoanzia kampuni ya Trolltech ya Norway na kutolewa kwa umma mwaka 1995. Ni chombo kizuri, nami nakipenda. Shida huanza pale kinapotakiwa kuhamia kwenye mfumo endeshi ambao haujaandaliwa kukipokea.

Kuhamisha huko kuna mambo gani hasa? Qt huuomba mfumo ulio chini yake vitu vingi: nyuzi za kazi na kufuli zake, saa, mafaili, mtandao, fonti, kumbukumbu ya makumi ya megabaiti, na njia ya kuchora kwenye skrini, kwa kawaida OpenGL ES. Palipo na POSIX, yaani kanuni za pamoja za mifumo endeshi, kama kwenye mfumo wa wakati halisi wa QNX, sehemu kubwa inakubali, na Qt yenyewe huihudumia QNX rasmi. VxWorks na INTEGRITY nazo zimewahi kutayarishiwa Qt. Lakini FreeRTOS inayokaa kwenye mikrokontrola ndogo haina michakato iliyotenganishwa, mara nyingi haina mfumo wa mafaili, na kumbukumbu yake huhesabiwa kwa kilobaiti. Hapo unaandika upya tabaka zima la chini, draiva ya skrini ikiwemo, kisha unagundua kwamba Qt kamili haiingii kabisa. Kampuni ya Qt inalijua hilo, ndiyo maana mwaka 2019 ilitoa toleo jingine, Qt for MCUs, lililopunguzwa kwa ajili ya chipu ndogo. Toleo hilo ni la leseni ya kulipia.

Njia ya kwanza, basi, ni kununua kila kitu tayari: QNX au VxWorks pamoja na Qt ya kibiashara. Bei hazibandikwi ukutani. Unaiandikia kampuni, unaeleza idadi ya watayarishaji na idadi ya vifaa utakavyouza, ndipo unapewa hesabu. Unalipia vifaa vya kutengenezea, halafu unalipia tena kila kifaa kinachotoka. Unachopata ni msaada wa kweli na vyeti vya usalama, na kwa breki za gari au mashine ya hospitali ningelipa bila kubishana. Tangu mwishoni mwa 2024 QNX inatolewa bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, hivyo mwanafunzi anaweza kujifunzia kwenye Raspberry Pi 4. Ila ukishamuuzia mtu kifaa, hiyo ni biashara. Na kulipa hakumalizi matengenezo: mwaka 2019 yalitangazwa mapengo 11 ya usalama kwenye sehemu ya mtandao ya VxWorks, mfumo ulio ndani ya vidhibiti vingi vya viwandani duniani, na wenye mitambo walilazimika kuweka viraka kama watu wengine wote.

Njia ya pili ni Linux yenye PREEMPT_RT. Marekebisho haya ya wakati halisi yalitengenezwa pembeni kwa takriban miaka 20, hatimaye yakaingizwa kwenye keneli rasmi, toleo 6.12, mwaka 2024. Qt inakaa juu yake bila kuhamishwa. Leseni ya mfumo ni bure, na bodi kama Raspberry Pi 4 ilitoka mwaka 2019 kwa dola 35 katika umbo lake dogo (ikishafika Kolwezi kupitia Kasumbalesa au Lubumbashi, bei ni nyingine). Kasoro yake kwetu ni umeme. Linux huchukua sekunde nyingi kuamka, na umeme ukikatika ghafla wakati kadi ya kumbukumbu inaandikwa, kadi inaweza kuharibika. Kifaa kilichofanya kazi vizuri mezani kinashindwa kuwaka kule shimoni.

Njia ya tatu ni kuachana na Qt. FreeRTOS, ambayo Amazon inaisimamia tangu 2017, ina leseni ya MIT. Zephyr, mradi wa Linux Foundation wa tangu 2016, ina ya Apache. Zote mbili unaziuza ndani ya kifaa chako bila kumlipa mtu. Kwa skrini kuna LVGL, nayo ni ya MIT, iliyoandikwa kwa ajili ya chipu ndogo tangu mwanzo: huanzia kilobaiti 64 za flashi, ingawa 180 ndizo zinazopendekezwa. Haina uzuri wote wa Qt. Kwa namba nne, vitufe sita na grafu moja, mteja hataona tofauti.

Ya nne ndiyo ninayoitetea: bodi mbili. Mikrokontrola yenye FreeRTOS inaendesha pampu, inasoma senza, inafunga vali. Bodi ya Linux yenye Qt inaonyesha tu na kupokea maagizo. Zinazungumza kwa waya wa RS-485 na Modbus, itifaki ya mwaka 1979 ambayo fundi yeyote wa umeme wa migodini ameshaishika. Umeme ukirudi, mikrokontrola iko macho ndani ya chini ya sekunde moja. Skrini itakuja baadaye, na pampu haiisubiri.

Tuweke hesabu, kwa namba za mfano ambazo kila karakana inaweza kuzibadili ziwe zake. Tuseme mtayarishaji analipwa dola 1,000 kwa mwezi, na wawili wanahitaji miezi 6 kuihamisha Qt hadi mfumo wa wakati halisi usio na msaada rasmi. Hizo ni dola 12,000 kabla ya kifaa cha kwanza kutoka. Bodi ya pili, na boksi lake na nyaya, tuseme dola 60 kwa kila kifaa, pamoja na mwezi mmoja wa watu wawili kuandika mazungumzo ya Modbus: dola 2,000. Kwa vifaa 20, kuhamisha kunaongeza dola 600 juu ya kila kimoja. Bodi mbili zinaongeza 160. Ukifikia vifaa kama 167, njia hizo mbili zinalingana.

Lakini uhamisho una deni linalorudi kila mwaka. Qt ikitoa toleo jipya, kompaila ikibadilika, chipu ikikoma kutengenezwa, tabaka lile uliloandika linataka mkono wako tena, wako peke yako, kwa sababu hakuna mwingine duniani anayelitumia. Ukiweka mwezi mmoja tu wa watu hao wawili kila mwaka kwa miaka 5, unaongeza dola 10,000, na sehemu ya kulingana inasogea hadi vifaa 333 hivi. Karakana ngapi za hapa huuza vidhibiti 333 vya aina moja? Na fundi aliyeandika uhamisho akichukuliwa na mgodi mkubwa kwa mshahara mara mbili, anaondoka nao kichwani.

Kuna sababu nyingine isiyo ya fedha. Mwaka 1997 chombo cha Mars Pathfinder, kilichokuwa kikitumia VxWorks, kilianza kujiwasha upya chenyewe huko Mars. Kazi ya chini, ya kukusanya habari za hali ya hewa, ilishika kufuli iliyokuwa ikihitajiwa na kazi ya juu, na kazi ya kati ikaingia na kuizuia ile ya chini isimalize. Ya juu ikasubiri mpaka saa ya ulinzi ikadhani mfumo umekufa. Wahandisi waliponya hilo kutoka duniani kwa kuwasha mpangilio unaoirithisha kazi iliyoshika kufuli kipaumbele cha ile inayoisubiri. Wao walikuwa na maabara na chombo pacha cha kujaribia. Ukiweka grafu za Qt na vali ya asidi kwenye chipu moja, unazigawia kufuli zilezile, na kumtafuta mkosaji kutakuwa kazi yako usiku wa manane.

Kwa upande wa leseni, kwenye bodi ya skrini Qt ya LGPL inatosha, mradi uiunganishe kama maktaba inayojitegemea, umpe mteja maandishi ya leseni na uwezo wa kuibadilisha. Ukitaka kuufunga mfumo kabisa asiuguse, nunua ya kibiashara. Moduli chache za Qt hutolewa kwa GPL pekee, na hizo zitakulazimu kuifungua programu yako, kwa hiyo soma orodha kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Kwa mnunuzi, kipimo cha siku ya kupokea kifaa ni rahisi. Pampu ikiwa inazunguka, ng'oa kebo ya skrini. Irudishe, kisha kata umeme wa bodi ya skrini peke yake. Shusha kiwango cha maji mpaka senza ya chini iseme simama, huku skrini ikiwa imezimwa. Pampu isiposimama, usisaini karatasi ya mapokezi, hata kama grafu zinapendeza namna gani.