Klasi na Objekti: Kalibu Si Tofali

Mwanafunzi aanzaye kuandika programu za kompyuta hukutana mapema na istilahi mbili: klasi na objekti. Wengi hudhani kuwa ni kitu kimoja. Lakini kalibu si tofali, wala ukuta haujengwi kwa kalibu.

Dhana hizi zilianzia Norway. Katika miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Kituo cha Kompyuta cha Norway, mjini Oslo, walitaka kuigiza kwa kompyuta shughuli zenye washiriki wengi, kama vile wateja wapangao foleni. Lugha yao iitwayo Simula 67 ilimwezesha mwandishi kueleza mara moja tu sifa na matendo ya kitu cha aina fulani, kisha kuunda vitu vingi vya aina hiyo.

Tuchukue mfano wa akaunti za akiba. Klasi ya Akaunti hueleza kwamba kila akaunti itakuwa na jina la mwenyewe na salio, tena itaweza kupokea na kutoa fedha. Klasi yenyewe haina hata senti moja. Fedha huhesabiwa katika objekti zinazoundwa kutokana nayo: tuseme ya Asha ina shilingi 5,000, na ya Juma shilingi 20,000. Asha akitoa shilingi 2,000, yake hubaki na 3,000. Ya Juma haiguswi. Hapa ndipo mfano wa tofali unapokoma: matofali ya kalibu moja hufanana, bali kila objekti hutunza hali yake.

Faida yake ni nini? Lugha kama C++ na Java huruhusu salio lifichwe ndani ya objekti, lisibadilishwe ila kwa matendo yaliyoelezwa katika klasi. Asha akiomba sasa shilingi 4,000, tendo la kutoa hulinganisha ombi na salio, kisha hukataa. Kama salio lingeachwa wazi, sehemu yoyote ya programu ingeweza kulipunguza, na hesabu ikiharibika, chanzo cha kosa kingetafutwa kila mahali. Kanuni iliyoandikwa mahali pamoja hurekebishwa mahali pamoja.

Hata shule isiyo na kompyuta yaweza kulifanyia zoezi somo hili. Wanafunzi waandike klasi ya Kitabu cha Maktaba: kina sifa zipi, kina matendo gani, na ni sifa ipi isiyopaswa kuguswa ovyo?