Pasipoti ya Shemeji Haigomboi Gari

"Shemeji anarudi Desemba kutoka Uingereza. Tukitumia pasipoti yake, gari si litaingia bila ushuru?"

Nimeulizwa hivyo kwa simu, nimeulizwa harusini sahani ya biriani ikiwa mkononi, na wiki iliyopita nimeulizwa nje ya msikiti nikitafuta kiatu changu cha pili. Muulizaji huwa na tabasamu la mtu aliyeokota pochi. Kuna mwenzake ameshafanya, anasema, na gari linaonekana kila siku Nyali. Mimi kazi yangu ni kugomboa magari katika bandari ya Kilindini, na nikimjibu kwamba haiwezekani hunitazama kama niliyemfungia mlango ambao wenzake wanapita. Basi niandike leo, nipumzike.

Kiu yenyewe naielewa. Chukua gari la petroli la CC 2,000 ambalo KRA imelikadiria thamani ya forodha ya shilingi 600,000. Kwa viwango vya sasa ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani 210,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya ukubwa huo ni asilimia 25, lakini hautozwi juu ya 600,000. Unatozwa juu ya 810,000, kwa hivyo ni 202,500. VAT ya asilimia 16 nayo inawapanda wote hao mgongoni: 162,000. Tia ada ya uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2, hizo ni 27,000. Jumla 601,500. Gari moja umelilipia mara mbili, na bandari bado haijakuambia lake. Simlaumu mtu akitafuta upenyo.

Na msamaha upo kweli. Umo katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, Jedwali la Tano. Tatizo ni kwamba watu wameusikia mwanzo na mwisho. "Mkazi anayerudi" wamesikia, "bila ushuru" wamesikia. Yaliyo katikati wameyaruka, na sheria yote iko hapo katikati.

Huu ni msamaha wa kuhama nyumba. Mtu amefunga virago huko alikokuwa: nguo, vitanda, masufuria, na gari alilokuwa akiendea kazini. Nchi yake haitaki kumtoza kwa vitu vyake vikuukuu, na ndiyo maana gari limetajwa pamoja na mavazi na vyombo vya nyumbani. Ukilitazama hivyo, kila sharti linajieleza. Gari awe analimiliki yeye na amelitumia yeye, huko nje, kwa muda usiopungua miezi 12, na siku ambazo gari liko baharini hazihesabiwi. Yeye mwenyewe awe ametimiza miaka 18, awe ameishi nje miaka miwili, na katika miaka hiyo ziara zake za nyumbani zisifikishe jumla ya siku 90. Gari ni moja. Basi dogo la abiria zaidi ya 13 halimo, wala lori la kubeba zaidi ya tani mbili.

Siku hizo 90 ndizo zinazowaangusha hata wale wanaorudi kwa haki. Mwaka jana alinijia mama mmoja na pasipoti ya mdogo wake, muuguzi huko Uingereza. Hakuwa na hila yoyote. Ndugu anarudi kwao, dada anamtengenezea njia. Tulikaa mezani, mimi na penseli, tukaanza kuhesabu mihuri ya uwanja wa ndege. Harusi ya binamu, siku 24. Msiba wa baba, siku 41, maana aliingoja arobaini. Idi, siku 19. Likizo ya Agosti muhuri wa kuingia tuliuona, ila wa kutoka ulikuwa umepigwa juu ya viza ya zamani na wino umefifia. Tuliuinua ukurasa dirishani hadi tarehe ikajitokeza: siku 16. Nikajumlisha mara mbili, nikimwombea nimekosea. Mia moja.

"Hizo kumi hawawezi kumsamehe? Alikuja kuzika."

Afisa wa forodha hatenganishi siku za kuzika na siku za kucheza ngoma. Na huyu, msomaji, ni mtu ambaye gari lake ni lake kweli.

Sasa tuje kwa shemeji wa Desemba. Gari linalokusudiwa kwa kawaida halijawahi kuiona Uingereza. Liko mnadani Japani, broka ameshatuma picha, viti bado vina plastiki. Mpango ni kulinunua kwa jina la shemeji na kudai kwamba ni gari lake. Nani aliliendesha? Lini? Gari lililokuwa mnadani Yokohama mwezi wa tisa haliwezi kuwa limempeleka mtu kazini Leicester mwaka mzima. Forodha itataka hati ya usajili ya huko yenye jina lake na tarehe, itataka bima, itataka risiti ya ununuzi. Wenye magari ya Uingereza hunijia wakiipunga hati hiyo, V5C, kana kwamba imemaliza kila kitu, ilhali karatasi hiyohiyo imeandikwa waziwazi kwamba si ushahidi wa umiliki. Inamtaja mtunzaji aliyesajiliwa, basi. Umiliki unaonyeshwa na risiti uliyonunulia.

Kuhusu Ghuba, hapo hupandwa na hasira. Magari ya Riyadh, Doha, Dubai na Muscat yana usukani kushoto, na Kenya haisajili gari la binafsi la usukani kushoto. Aliyekuwa nalo anaruhusiwa kuliuza na kuleta la usukani kulia lisilolizidi lile kwa thamani, akithibitisha kwamba la kwanza alilimiliki na kulitumia miezi 12. Broka amelichukua neno hilo "kuleta jingine" akaligeuza biashara. Anawatafuta mabinti wanaorudi kutoka kazi za nyumbani Saudia, watu ambao kwa miaka mitatu hawakumiliki hata baiskeli, anawapa pesa kidogo, anachukua pasipoti na PIN ya KRA. Binti hajui kwamba mbele ya sheria mwagizaji ni yeye. Kutoa hati za uongo forodhani ni kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000, na gari laweza kutaifishwa. Siku mambo yakiharibika jina la broka halimo kwenye karatasi hata moja.

Haya, tuseme yote yamepita. Afisa amechoka, karatasi zimependeza, gari limetoka getini. Gari hilo ni la nani? Logibuku imeandikwa jina la shemeji. Wewe uliyetoa pesa ni dereva tu. Ukitaka lihamie kwako, unalitoa kwa mtu mwenye msamaha na kulipeleka kwa mtu asiye na msamaha, na hapo ushuru unadaiwa. Ule ule uliokuwa ukiukimbia. Watu hupumua kwa nguvu nikifika hapa, maana hakuna aliyewaambia. Faida ya msamaha hudumu maadamu gari si lako. Siku unapolifanya lako, faida imekufa.

"Basi tutaliacha kwa jina lake," wanasema. Sawa. Likigongwa, bima inamlipa yeye. Ukitaka kuuza, unamwomba yeye. Akifa, linaingia kwenye mirathi, na watoto wake hawana habari ya mapatano yenu. Ushemeji wenyewe una talaka. Nimewahi kuona ndugu wawili wakigombania Prado kwa mzee wa mtaa. Mmoja alikuwa na risiti za benki za kuonyesha kwamba yeye ndiye aliyetuma pesa, mwingine alikuwa na logibuku, na mzee, masikini, alikuwa na busara tu.

Na yule wa Nyali? Ama alitimiza masharti, ama bado hajaulizwa.

Yule mama wa pasipoti aliniuliza afanye nini, na kwa kuwa mlangoni palikuwa na watu wakingoja nilimjibu mbiombio. Nakueleza vivyo hivyo. Ndugu akitaka msamaha kwa haki, aanze kuupanga mwaka mmoja kabla: anunue huko la usukani kulia kwa jina lake, aliendeshe, azihifadhi karatasi, apunguze safari za nyumbani, na akiondoka aiarifu mamlaka ya usajili ya huko kwamba gari limetoka nchini kabisa. Kisha lifike ndani ya siku 90 tangu afike yeye. Muda unaweza kuongezwa, lakini kwa idhini ya Kamishna, si kwa kujisahau. Msamaha ni wa kodi. Bandari, meli na ajenti watataka chao.

Asiyestahili alipe, ila alipe kwa akili. Injini isiyozidi CC 1,500 ina ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, na kwa thamani ileile ya 600,000 jumla inashuka hadi 554,520. Usiombe uandikiwe invoisi ndogo. KRA inaanzia kwenye orodha yake ya bei za magari mapya yanavyouzwa hapa, inapunguza uchakavu kwa umri wa gari na kuondoa kodi zilizomo ndani ya bei hiyo, kwa hivyo invoisi yako ya kuchekesha inawachekesha wao. Umri usizidi miaka minane, na unahesabiwa tangu usajili wa kwanza: linaloingia mwaka 2026 liwe limesajiliwa 2019 au baadaye, na kati ya mwaka wa kuundwa na usajili huo usipite zaidi ya mwaka mmoja. Hata anayerudi kwa msamaha sharti hili linamhusu. Kinachoangaliwa ni siku ya kufika Mombasa, si siku ya kupakiwa, kwa hivyo gari la mwaka wa mwisho usilipandishe meli ya Desemba ukategemea bahari itulie. Kwa Japani, Uingereza na Falme za Kiarabu, cheti cha ukaguzi kinachokubaliwa na KEBS kipatikane kabla ya kupakia. Bima ya baharini inatakiwa ya kampuni ya Kenya tangu 2017, basi muuzaji asikuuzie ya kwake. Namba ya chesisi uisome herufi kwa herufi kwenye kila karatasi. Usajili ni NTSA, kupitia eCitizen. Na ukiona hesabu haikai, nunua lililokwisha kusajiliwa hapa; jirani yako anauza.

Nauli ya meli mimi na yule mama tuliizungumza tukiwa tumesimama. Aliikunja karatasi niliyomwandikia, akaitia ndani ya pasipoti ya mdogo wake, akaaga. Alipofika mlangoni aligeuka, mtandio ukiwa nusu begani.

"Na binamu yetu wa Muscat je? Yeye hajaja nyumbani miaka mitano."