Picha ya Ukumbusho Ndani ya Nyumba



Juma hili tunapenda kuzungumuza juu ya picha. Zamani, katika nyumba nyingi za wafanyakazi kule Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kulikuwa picha ya rangi yenye kutundikwa ndani ya saloni. Watu waliiita ukumbusho. Haikuwa ya kupamba tu. Mugeni akiingia aliitazama, akauliza, na muzee wa nyumba akaanza kueleza.

Muchoraji mumoja wa picha hizo alikuwa Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Lubumbashi katika mwaka wa 1947, wakati muji uliitwa Elisabethville. Alichora juu ya kitambaa cha gunia za unga, akatembeza picha zake ili kupata chakula cha nyumba. Lakini alijiita pia mwanahistoria. Kati ya 1973 na 1974 alichora picha karibu 100 zenye kufuatana juu ya historia ya inchi yetu, na alizieleza kwa Kiswahili mbele ya Johannes Fabian, mwalimu wa iniversite. Alichora wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi katika Desemba 1941 kwa sababu waliomba mushahara wenye kufaa. Alichora pia Lumumba na wenzake Mpolo na Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961.

Kuko picha moja ambayo sisi walimu tunaipenda zaidi: Colonie belge. Mufungwa analala chini, anapigwa fimbo. Muzungu anatazama. Lakini mwenye kushika fimbo ni polisi mweusi, ndugu ya ule anayepigwa. Hapo tunaona fundisho kubwa. Mukubwa peke yake hawezi kuonea watu. Anahitaji mukono wenye kumutii na watu wenye kutazama na kunyamaza. Vita navyo ni vile vile. Mwenye kuleta bunduki anatafuta kwanza kijana asiyejua kukataa.

Kazi ya kufundisha kukataa inaanzia nyumbani. Watoto wetu wengi wamekimbia vita, wamelala inje, wamesikia risasi. Tukinyamaza, wengine watawaeleza kwa namna yao, na mara nyingi watawaambia kabila gani wachukie. Basi tuwaeleze ukweli bila kuficha na bila kuongeza: ni nini ilifanyika, nani aliumia, nani alificha jirani yake ndani ya nyumba, nani angeweza kukataa na hakukataa.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena. Picha zake nyingi ziko leo Amsterdam, ndani ya Wereldmuseum, yenye kuitwa zamani Tropenmuseum. Saloni zetu hazina tena ukumbusho ukutani, lakini kinywa tuko nacho. Juma hili, kila familia iombe muzee mumoja aeleze jambo moja aliloona kwa macho yake, na watoto waachiwe nafasi ya kuuliza mupaka mwisho. Kwa mukutano ujao, wamama, mutuletee maulizo yao.