Bei ya Kitabu cha Mtumba Iko kwenye Silabasi

Kwa miaka kadhaa riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilikuwa mali ya kugombaniwa. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne asiyekuwa nayo aliiazima usiku, akairudisha asubuhi. Ukaja mtihani wa KCSE wa 2023 na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, na Chozi la Heri ikaporomoka bei ilhali haikupungua hata ukurasa mmoja. Kigogo ya Pauline Kea nayo iliipisha Bembea ya Maisha ya Timothy Arege.

Kwa hiyo mtu wa Ukunda, Kwale au Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, anayesaka vitabu vya mtumba, kabla hajatazama jalada, aulize kwanza: kingali kinatahiniwa? Kitabu kilichochanika pembe lakini kimo kwenye orodha ya mtihani huweza kuuzwa ghali kuliko kisafi kilichokwisha kuondolewa. Hapo mzazi huumia, ila msomaji wa kujiburudisha hufaidi. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotahiniwa hadi 2017, na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 1980, utamu wake haujaenda popote. Kilichoondoka ni ushindani wa wanafunzi.

Sasa silabasi nzima inahama. Mtihani wa mwisho wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa 2023, na waliojiunga na Kidato cha Kwanza Januari 2024 ndio wa mwisho katika mfumo wa 8-4-4. Watafanya KCSE yao 2027. Kila mwaka darasa moja linatoweka, na wateja wa vitabu vyake wanatoweka nalo. Mchuuzi anayejaza gunia la vitabu vya fizikia na kemia vya mfumo huo anajua kwamba saa inahesabu. Mwenye mtoto katika darasa hilo la mwisho, kwa upande wake, ana nafasi nzuri ya kubembeleza bei.

Vitabu vya mtaala mpya unaochukua nafasi ya 8-4-4 vina shida yao. Vingi vya madarasa ya chini vina nafasi ya mtoto kujaza majibu humo humo, na kikishajazwa kwa kalamu ya wino hakimfai mdogo wake. Wazazi wengine hulazimisha penseli, kisha likizo ikifika hukaa na kifutio.

Kinachowasukuma watu kwenye mtumba si umaskini tu. Tangu 2013 vitabu nchini Kenya hutozwa kodi ya VAT ya asilimia 16: kitabu cha shilingi 500 hufika kwa mnunuzi kwa 580. Mchuuzi wa kando ya barabara ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka halazimiki kuitoza. Tena, Serikali ilipoanza 2018 kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja kwenye shule za umma, maduka ya vitabu yalimpoteza mteja wao mkubwa, na mengine yakageukia madaftari na sare.

Msimu nao una neno. Novemba na Desemba, watahiniwa wakishaweka kalamu chini, vitabu hutoka majumbani kwa wingi na wenyewe wanataka pesa haraka. Januari, shule zikifunguliwa, vitabu vile vile hupanda. Anayevuka kwenda Mombasa kutafuta aina zaidi akumbuke kwamba mwenda kwa miguu halipi kitu kwenye feri ya Likoni; gharama yake ni nauli ya matatu tu, na mzigo begani wakati wa kurudi.

Kitabu kikaguliwe kwa mkono, papo hapo. Kifunguliwe katikati, kwa sababu kurasa za katikati ndizo huchomoka kwanza. Namba za kurasa zifuatwe. Kisha kinuswe: unyevu wa pwani huleta ukungu, na kitabu chenye uvundo kikiwekwa rafuni huambukiza jirani zake. Maandishi yaliyofifia, picha zenye weusi uliovuja na gundi inayopasuka kitabu kikifunguliwa mara ya kwanza ni dalili za nakala ya wizi. Kununua cha mtumba ni halali. Kununua kilichochapwa kwa wizi ni kumnyima mwandishi haki yake.

Ipo mihuri miwili ya kuheshimu. Wa kwanza ni ule wa vitabu vya Serikali, unaosema haviuzwi. Ukivikuta gengeni, vimetoka shuleni kwa njia isiyofaa. Wa pili ni wa wakfu, unaoonekana kwenye misahafu ya Kiwanda cha Mfalme Fahd cha Madina ambayo mahujaji hurudi nayo, na kwenye vitabu vya misikiti na madrasa. Cha wakfu husomwa na kupokezanwa, hakipigwi bei.

Diani kuna mkondo mwingine kabisa. Wageni hubeba riwaya za kusomea ufukweni, wakimaliza huziacha kwenye rafu za hoteli na nyumba za wageni, mara nyingi kwa utaratibu wa kuacha kimoja na kuchukua kingine. Rafu hizo hujaa Kijerumani na Kiingereza. Cha Kijerumani kinaweza kukaa mpaka karatasi igeuke manjano, labda akipate kijana anayejifunza lugha hiyo kwa ajili ya kazi ya utalii. Vya Kiingereza vingewafaa wanafunzi wa Ukunda, kilomita chache tu kutoka ufukweni, lakini mikondo hii miwili hukutana kwa nadra: mlinzi wa lango hajui mwanafunzi amefuata nini.

Msambweni wako wanafunzi wa chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, na kwao mwaka wa toleo si jambo dogo. Kitabu cha miaka ya mapema ya 1990 kitamwelekeza kutibu malaria kwa klorokwini, dawa ambayo Kenya iliiacha kama tiba ya kwanza 1998 kwa sababu vimelea vilikwisha kuizoea. Dawa ya SP iliyoifuata nayo ikaondolewa katika nafasi hiyo, na tangu 2006 wagonjwa hupewa dawa mseto za artemisinini. Anatomia haina haraka hiyo. Mwenye bajeti ndogo huchukua cha anatomia kikuukuu, na akiba yake huiweka kwenye toleo jipya la kitabu cha dawa.