Sheria za kuwalinda wanawake zilipatikana kwa jasho

WAKENYA wengi huikumbuka sheria ya makosa ya ngono pale tu mshukiwa wa ubakaji au unajisi anapofikishwa kortini. Wachache hujua kwamba sheria hiyo haikutolewa kama zawadi, bali ni tunda la mapambano ya wanawake yaliyodumu kwa miongo kadhaa.

Wanawake wa Kenya walishiriki katika harakati za ukombozi tangu mapema. Mnamo Machi 1922, Mary Muthoni Nyanjiru aliuawa kwa risasi mjini Nairobi baada ya kuwahimiza waandamanaji wasitawanyike hadi Harry Thuku, aliyekuwa amekamatwa na serikali ya kikoloni, aachiliwe huru.

Hata hivyo, uhuru ulipopatikana mnamo 1963, bendera mpya haikubadilisha mengi ndani ya nyumba. Kichapo kwa mke kiliendelea kuchukuliwa kuwa suala la mtu na mkewe, lisilohusu polisi wala mahakama.

Ushahidi wa fikra hizo ulionekana Bungeni. Mswada wa Ndoa uliojadiliwa mnamo 1976 na tena 1979 ulikataliwa mara zote mbili. Baadhi ya wabunge walilalamika kwamba ungemnyima mwanamume haki ya kumtia mkewe adabu kwa kumpiga, jambo walilolitaja kuwa mila ya Kiafrika. Kenya ilisubiri hadi 2014 ndipo ikapata sheria moja inayosimamia ndoa za aina zote.

Mwamko mpya ulianza 1985, Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa kongamano la Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Maelfu ya wajumbe kutoka kila pembe ya dunia walikutana humu nchini mwezi Julai. Mwaka huo huo ndipo tawi la Kenya la chama cha mawakili wanawake, FIDA, lilipoundwa na kuanza kuwasaidia wanawake wasio na uwezo wa kulipia wakili.

Kisha ukaja msiba wa St Kizito. Usiku wa Julai 13, 1991, wavulana wa shule hiyo ya mseto katika eneo la Meru walilivamia bweni la wasichana waliokuwa wamekataa kujiunga na mgomo. Wasichana 19 walifariki na wengine 71 wakabakwa.

Taifa lilitikisika. Lililowaudhi wengi zaidi ni kauli ya naibu wa mwalimu mkuu, iliyonukuliwa na vyombo vya habari, kwamba wavulana hao hawakuwa na nia ya kuwadhuru wasichana ila walitaka tu kuwabaka. Kauli hiyo ilifichua ukweli mchungu: katika macho ya wengi, ubakaji haukuwa dhuluma.

Wakati huo, sheria nayo ilikuwa na kasoro. Ubakaji uliorodheshwa katika Kanuni ya Adhabu miongoni mwa makosa dhidi ya maadili, na hapakuwa na kiwango cha chini cha kifungo. Hakimu angeweza kumpa mbakaji adhabu hafifu na kumwachia mwathiriwa machungu ya maisha.

Ndipo mbunge maalumu Njoki Ndung'u, akiungwa mkono na mashirika ya kutetea haki, alipowasilisha mswada wa kurekebisha hali hiyo. Mjadala wa 2006 ulikuwa mkali. Wabunge wanawake hawakufika 20 katika Bunge lenye wabunge 222, na kwa hivyo walilazimika kutafuta kura za wanaume.

Wakati mmoja wabunge hao waliondoka ukumbini kwa hasira baada ya mwenzao kudai kwamba mwanamke wa Kiafrika husema 'la' akimaanisha 'ndiyo'.

Mswada ulipita, lakini baada ya kupunguzwa makali. Kipengee cha kumwadhibu mume anayembaka mkewe kiliondolewa. Aidha, kiliingizwa kifungu cha 38 kilichosema kuwa anayetoa madai ya uongo angepewa adhabu ile ile ya kosa alilomsingizia mwenzake. Kifungu hicho kiliwatia hofu waathiriwa wengi hadi kilipofutwa mnamo 2012.

Licha ya hayo, sheria hiyo ilikuwa hatua kubwa. Iliweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa ubakaji. Kwa kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, ilitoa kifungo cha maisha. Aliyemnajisi mtoto wa kati ya miaka 12 na 15 angefungwa miaka isiyopungua 20. Vilevile, ilizuia mwathiriwa kuhojiwa ovyo kortini kuhusu maisha yake ya awali ya kimapenzi.

Hata hivyo, sheria haijitekelezi. Huko Meru, wasichana walionajisiwa walifika katika vituo vya polisi na kupuuzwa. Mnamo 2012, wasichana 11 pamoja na kituo kilichowapa hifadhi waliamua kulishtaki jeshi la polisi lenyewe.

Mei 27, 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walikiuka haki za watoto hao kwa kutochunguza malalamishi yao ipasavyo, na ikaagiza uchunguzi ufanywe. Uamuzi huo ulitoa funzo muhimu: afisa anayelikalia faili la mwathiriwa anavunja Katiba.

Sheria ya kukabiliana na dhuluma za nyumbani iliyofuata mnamo 2015 ilijaribu kuziba pengo lililoachwa 2006. Chini yake, dhuluma ya kingono ndani ya ndoa ni miongoni mwa sababu zinazoweza kumfanya mtu aombe mahakama impe amri ya ulinzi. Pia inatambua dhuluma ya kiuchumi na ile ya kisaikolojia.

Bado safari ni ndefu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa kati ya miaka 15 na 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu wafikishe umri wa miaka 15. Januari 27, 2024, maelfu waliandamana katika miji mbalimbali kulaani mauaji ya wanawake.

Mwathiriwa anashauriwa kufika hospitalini haraka, kabla ya kuoga au kufua nguo alizovaa, ili ushahidi usipotee. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa tu zikianza kutumiwa kabla ya saa 72 kupita. Baadaye fomu ya P3, ambayo hujazwa na daktari na kurejeshwa kwa polisi, huwa nguzo ya kesi. Kadhalika, msaada hupatikana bila malipo kwa kupiga simu nambari 1195.

Historia hii inaonyesha kwamba kila kifungu kilisukumwa na watu waliokataa kunyamaza, na kwamba kilichopatikana kwa jasho kinaweza kupotea kwa uzembe. Mzee wa kijiji anayepatanisha familia kwa mbuzi baada ya mtoto kunajisiwa, na jirani anayesikia mayowe kisha akafunga dirisha, wote wanaibomoa kazi ya zaidi ya nusu karne.