Askari Anaporudisha Bunduki Ghalani



Siku askari anaporudisha bunduki ghalani na kutia sahihi daftari la mkuu wa ghala, hurudisha pamoja nayo mambo mengi yasiyoandikwa katika daftari lile. Hurudisha nyumba ya kambini, ambamo pengine watoto wake wote walizaliwa. Hurudisha filimbi ya alfajiri iliyompangia siku yake tangu ujana, na sauti ambayo ikitamkwa mara moja watu huinuka. Mtumishi wa ofisi akistaafu huacha meza na kiti. Askari huacha mji mzima.

Ndiyo sababu jambo hili lisingojee mwaka wa mwisho wa utumishi. Hapa Uganda mtumishi wa serikali hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60, na jeshini umri hutegemea cheo, hivi kwamba wenye vyeo vya chini huondoka wakingali na nguvu za kulima na watoto wa kusomesha. Aondokaye katika hali hiyo hajaenda kupumzika. Anaanza kazi nyingine, na aghalabu hana mkuu wa kumwelekeza.

Tutazame kwanza fedha, maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Tuchukue mfano wa polisi aliyetumikia miaka 30, yaani miezi 360, na ambaye mshahara wake wa mwisho ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Mshahara wake wa mwaka, shilingi 6,000,000, huzidishwa kwa miezi 360, kisha hugawanywa kwa 500. Jibu ni shilingi 4,320,000, nayo ndiyo pensheni yake ya mwaka. Theluthi moja ya fedha hizo hukatwa na kuzidishwa kwa miaka 15, naye hupewa shilingi 21,600,000 kwa mkupuo mmoja. Theluthi mbili zinazobaki hugawanywa kwa miezi 12, akapokea shilingi 240,000 kila mwezi.

Hapana budi hesabu hii isomwe kwa makini. Zile milioni 21 si zawadi ya Serikali wala si bahati nasibu. Ni pensheni yake mwenyewe ya miaka 15, aliyolipwa kabla ya wakati. Mwenye kuzimaliza kwa gari kuukuu na karamu ya kuwaaga wenzake amekula chakula cha miaka 15 katika msimu mmoja, na kila mwisho wa mwezi atakuwa akipokea chini ya nusu ya mshahara aliouzoea. Pensheni kamili humrudia baada ya miaka hiyo 15 kwisha, akijaliwa uhai. Tena, ikiwa aliacha deni katika chama cha akiba na mikopo, mkupuo wenyewe utakuwa umepunguka kabla haujafika mkononi.

Baada ya fedha ni ardhi, na juu ya jambo hili tunalo funzo la nchi yetu wenyewe. Mwaka 1992 Serikali ilianza kupunguza jeshi baada ya miaka ya vita, na kufikia 1995 askari zaidi ya 30,000 walikuwa wamerudi uraiani. Iliundwa bodi maalumu ya kuwahudumia. Walipewa mabati, majembe, mbegu na fedha za kuanzia, wakasafirishwa hadi wilaya zao. Ardhi haikuwamo katika furushi lile. Aliyekuwa na shamba la ukoo alijua mahali pa kusimika mabati yake, lakini aliyerudi akakuta ndugu wamekwisha kugawana alibaki na bati mkononi, na watu wa namna hiyo ndio waliopata taabu zaidi kushika maisha ya kiraia.

Askari anayenunua kibanja katika Buganda na ajue kwamba anayemwuzia huenda si mwenye hati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 yataka mwenye hati atoe idhini kabla kibanja hakijauzwa, na ardhi inayokalia na kulisha jamaa haiuzwi pasipo idhini ya mume au mke. Kupeana mikono chini ya mwembe hakutoshi, hata kama muuzaji ni askari mwenzako.

Yabaki mambo ya nyumbani, ambayo hayana sheria. Namjua sajini mmoja mstaafu ambaye miezi ya mwanzo alikagua jiko la mkewe kila asubuhi kama akaguavyo mahabusi, akiuliza sufuria ya pili iko wapi. Mama huyo alikuwa ameiendesha nyumba ile miaka 20 mume akiwa katika vituo vya mbali. Siku moja alimpa jembe, akamwonyesha migomba iliyosongwa na majani, akamwambia, "Mzee, kikosi chako ni kile pale." Sajini huyo asema ndiyo amri iliyomfaa kuliko zote alizopata kupokea.

Na karatasi. Madai ya pensheni huhitaji barua ya kwanza ya kuajiriwa, ile aliyopewa mtu akiwa kijana, na wengi hawajui iliko. Aliyebakiza miaka mitano na afungue sanduku lake juma hili aitafute, kabla panya wa kambini hawajamtangulia.