Mabaharia Wawili na Panya Mfalme

Watu wa Mombasa waliokuwako zamani za Vita Kuu ya Pili, na watoto wao waliosimuliwa habari zile, hawana haja ya kuambiwa baharia aliyepewa livu ni mtu wa namna gani. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuzishambulia bandari za Ceylon, manowari za Kiingereza zilihamia Kilindini, na mji ukajaa vijana waliovaa nguo nyeupe. Baharia amekaa miezi majini akila chakula kile kile na kuziona nyuso zile zile. Akipewa siku chache za kushuka pwani, ataka kula vizuri, kusikia ngoma, na kumwona msichana atakayekubali kuzungumza naye. Siku zenyewe ni chache, kwa hiyo hufanya mambo yake kwa haraka, na mara nyingi kwa upuuzi.

Hayo ndiyo yaliyowapa Wamarekani hadithi nyingi za sinema wakati wa vita. Mojawapo iliyopendwa sana ni filimu iitwayo Anchors Aweigh, iliyotolewa mwezi wa Julai 1945, wakati vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha na vile vya Japani vilikuwa vingali vikiendelea. Maana ya jina hilo ni kwamba nanga imekwisha kung'oka chini ya bahari na chombo kimeanza safari. Ni jina la wimbo wa wanamaji wa Marekani uliotungwa mwaka 1906, na filimu yenyewe yaanza kwa bendi ya wanamaji ikiupiga. Kampuni iliyoitengeneza ni MGM ya Hollywood, na mwongozaji wake ni Bw. George Sidney.

Kisa chake ni hiki. Mabaharia wawili, Joe na Clarence, wapewa nishani, kwa kuwa Clarence alitupwa baharini na Joe akajitosa kumwokoa. Pamoja na nishani wapata siku nne za livu katika mji wa Los Angeles. Joe ni mtu wa kujisifu. Azungumza na msichana wake Lola kwa simu na kumpa ahadi tele, lakini sisi watazamaji hatumwoni Lola huyo tangu mwanzo hata mwisho. Clarence, kinyume chake, ni mpole mwenye haya, ambaye kabla ya vita alikuwa msaidizi wa mwalimu wa kwaya kanisani huko Brooklyn. Amfuata Joe kila aendako, akimwomba amfundishe jinsi ya kusema na wanawake.

Kabla hawajafika popote, polisi wawachukua hadi kituoni. Hawakufanya kosa. Kuna mtoto mdogo amekutwa akizurura usiku, ataka kuandikwa kuwa mwanamaji, na amekataa kuwaambia askari jina lake wala kwao. Mtoto awaona mabaharia, afurahi, akubali kurudishwa nyumbani. Huko alelewa na Susan. (Kiingereza hakina maneno ya kupambanua shangazi na mama mdogo, basi hapa tumwite shangazi.) Susan ana sauti nzuri sana ya kuimba, lakini kazi aliyoipata Hollywood ni ile ya kusimama nyuma ya wachezaji wakubwa pamoja na watu wengine wasio na majina.

Hapo ndipo uongo unapoingia. Joe, akitaka kumsaidia rafiki yake apendwe, amwambia Susan kwamba Clarence afahamiana na José Iturbi, mpiga piano na mwongozaji mashuhuri wa bendi kubwa, na kwamba Iturbi amekubali kumsikiliza akiimba. Hakuna hata neno moja la kweli. Msichana afurahi mno, na mabaharia wabaki na siku mbili tatu za kumtafuta mtu wasiyemjua, mwenye walinzi mlangoni. Kila wakikaribia, amekwisha kuondoka. Wakati huo huo Joe aona kwamba yeye mwenyewe ndiye ampendaye Susan, na Clarence naye apendana na msichana wa mezani katika hoteli, ambaye ni mtu wa Brooklyn kama yeye. Mwishowe Susan akutana na Iturbi kwa bahati tu, amshukuru kwa wema wake, na mzee yule hana habari yoyote. Msichana alia machozi. Iturbi amhurumia na kumpa nafasi, naye aimba vizuri.

Ni dhahiri kwamba kisa si kizito, na filimu ni ndefu kupita kiasi, maana yachukua zaidi ya saa mbili. Kuna nyimbo ambazo zingeondolewa bila mtu kuziuliza. Hata hivyo iko sababu ya watu kuitazama mpaka leo, na sababu hiyo ni panya.

Katikati ya hadithi, Joe aenda shuleni kwa yule mtoto, na watoto wamwuliza alipataje nishani yake. Hawaelezi habari za baharini. Awatungia ngano: alifika katika nchi ambayo kuimba na kucheza vimekatazwa, kwa kuwa mfalme wa nchi hiyo hajui kuimba wala kucheza na aona haya. Mfalme mwenyewe ni Jerry, panya wa katuni ajulikanaye na watoto wa dunia nzima kwa kugombana na paka Tom. Joe amwambia kwamba ajaribu, amshika mkono, na kwa muda wa dakika nne hivi mtu wa nyama na damu acheza ngoma pamoja na panya wa kuchorwa kwa kalamu.

Je, jambo hili lilitendekaje? Yafaa kwanza kukumbuka sinema ni nini. Picha hazitembei kamwe. Mashine yaonyesha picha 24 zilizosimama kwa kila sekunde, na macho yetu, yasipoweza kuzitenga, huziunganisha. Dakika moja basi ni picha 1,440. Kwanza Bw. Gene Kelly, aliyekuwa Joe, alicheza peke yake mbele ya kamera, akimtazama panya asiyekuwako, akimnyoshea mkono na kumzunguka. Ilimpasa kukumbuka kila mara kimo cha panya na mahali aliposimama, kwa maana macho yake yakielekea pembeni kidogo, udanganyifu wote ungeonekana. Kisha wachoraji walichukua filimu hiyo, wakaitazama picha moja baada ya nyingine, na kwa kila picha wakamchora panya akiweka mguu pale pale panapopasa. Baadaye michoro na picha viliunganishwa katika filimu moja. Kazi hiyo ilisimamiwa na Bw. William Hanna na Bw. Joseph Barbera, ambao ndio waliomwanzisha Jerry.

Wapo wasimulizi wa habari hizi wanaosema kwamba kazi ilipodhaniwa kuwa imekwisha, mtu mmoja aligundua kosa. Sakafu ilikuwa imepigwa rangi ya kung'aa, na sura ya Kelly ilionekana chini yake kama katika kioo; sura ya panya haikuonekana. Ikawabidi wachoraji kurudi mezani na kumchora panya mara ya pili, kichwa chini miguu juu. Atakayeitazama filimu hiyo na aiangalie sakafu.

Hapo kwanza Kelly na msaidizi wake, kijana Stanley Donen, walikuwa wamemtaka Mickey Mouse, lakini Bw. Walt Disney hakukubali kumtoa panya wake kwa kampuni nyingine. Hivyo Jerry alipata kuwa mfalme kwa sababu mwenziwe alinyimwa ruhusa.

Clarence alichezwa na Bw. Frank Sinatra, ambaye wakati ule alikuwa mwimbaji wa kupendwa kuliko wote Marekani, hasa na wasichana. Alijua kuimba, lakini hakujua kucheza ngoma. Kelly alimfundisha muda wa majuma kama manane. Kuna mahali wawili hao warukaruka juu ya vitanda vya mabaharia, tena kwa mapatano kamili ya hatua, na mtu asiyeambiwa hawezi kudhani kwamba mmoja wao amejifunza juzi tu. Yafaa pia kujua kwamba katika filimu za namna hii wimbo haukuimbwa mbele ya kamera. Uliimbwa kwanza katika chumba cha kunasia sauti, ukatiwa katika sahani, kisha mchezaji akaufuatisha kwa midomo huku akicheza. Ndiyo maana hatweti.

Sinatra alivaa nguo za baharia, lakini baharia hakuwa. Mwishoni mwa mwaka 1943 madaktari wa jeshi walimkataa kwa sababu ya kiwambo cha sikio lake kilichotoboka, na askari wengi waliokuwa mbali na nyumbani hawakupendezwa na habari hizo, wakasema kwamba wao wapigwa risasi naye apigiwa makofi. Ugonjwa wake ulikuwa wa kweli. Walakini si vigumu kufahamu uchungu wa mtu aliyeko handakini aisomapo barua ya mchumba wake, na barua imejaa sifa za Sinatra.

Kuna jambo jingine ambalo filimu haikulionyesha, nalo lawahusu wasomaji wetu. Mabaharia wanaopewa nishani na livu katika filimu ni Wazungu. Manowarini hasa walikuwako Wamarekani weusi kwa maelfu. Walakini mpaka katikati ya mwaka 1942 kazi waliyopewa ilikuwa karibu yote ni kupika, kuandika meza na kutengeneza vyumba vya maofisa. Mmoja wao aliitwa Doris Miller. Tarehe 7 Desemba 1941, Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, mpishi huyu alisaidia kumwondoa kapteni wake aliyejeruhiwa, kisha akashika bombomu ambalo hakuna mtu aliyepata kumfundisha kulitumia, akazipiga ndege za adui. Mwezi wa Mei 1942 alipewa nishani kubwa ya wanamaji. Alikufa mwezi wa Novemba 1943 meli yake ilipozamishwa. Nishani yake haikuhitaji hadithi ya panya.

Hata baada ya kufunguliwa kazi nyingine, weusi wengi waliwekwa katika vikosi vya peke yao vya kupakia mizigo. Mwaka 1944, mwaka ule ule filimu hii ilipokuwa ikitengenezwa, huko huko katika jimbo la California kulikuwa na gati iitwayo Port Chicago ambapo mabaharia weusi walipakia mabomu melini chini ya maofisa weupe, bila mafundisho ya kutosha. Usiku wa tarehe 17 Julai mabomu yalilipuka. Watu 320 walikufa papo hapo, na 202 kati yao walikuwa weusi. Majuma machache baadaye waliosalia waliamriwa kurudia kazi ile ile mahali pengine. Watu 258 walikataa, na 50 kati yao wakahukumiwa kwa kosa la uasi. Wengi wao walifunguliwa mwaka 1946, ila majina yao hayakusafishwa rasmi mpaka tarehe 17 Julai 2024, miaka 80 kamili baada ya mlipuko, wakati wote walikuwa wamekwisha kufa. Amri ya Rais Truman ya kuondoa ubaguzi katika majeshi ilitoka mwaka 1948.

Haya hayasemwi ili mtu asiicheke filimu. Yachekesha kweli. Lakini mtu atazamaye sinema aona kile tu ambacho mwenye kamera alitaka kumwonyesha, na baharia wa Port Chicago hakuwamo katika mapenzi yake.

Katika zawadi za Hollywood zilizotolewa mwezi wa Machi 1946, filimu ilishindaniwa kwa mambo matano, pamoja na ile ya filimu bora na ile ya mchezaji bora kwa ajili ya Kelly. Iliyopata ni zawadi ya muziki tu. Kelly, mara baada ya kumaliza kazi ya filimu, aliingia jeshi la wanamaji mwishoni mwa mwaka 1944, akawekwa katika kazi ya kutengeneza filimu za serikali. Basi watu walipokuwa wakimcheka Joe katika majumba ya sinema mwaka 1945, yeye mwenyewe alikuwa amevaa nguo za wanamaji kwa amri. Mwaka 1949 alivaa tena zile za mchezo, pamoja na Sinatra, katika filimu ya On the Town. Safari hiyo mabaharia walikuwa watatu, mji ulikuwa New York, na livu ilikuwa ya saa 24 tu.